Herufi za Ng'ara

Hadithi hii ina mkia, na mkia wenyewe mtaushika ninyi.

Palikuwa na ndugu watatu mjini Morogoro, waliorithi karakana ya baba yao ya kung'arisha vyuma, iliyoitwa Ng'ara. Sikudhani, dada mkubwa, alikuwa na jicho: akikwambia ukuta umepinda, usibishe, kalete timazi. Shomari alikuwa na mkono: bati nene alilikata kama mtu anayekata sabuni. Tunu, kitindamimba, alikuwa na sikio. Kila kilichoandikwa alikisoma kwa sauti, hata gunia la saruji, mpaka kaka yake akamwita Redio.

Mvua ilipoangusha kibao cha zamani, Sikudhani alichora kipya. Hakutaka herufi za kujipindapinda. Alizichora nene kama mataruma ya reli, pembe zimekatwa kama za nati, kila moja imesimama kama mashine iliyofungwa sakafuni. Wapita njia waliutazama mchoro ule wakasahau walikokuwa wakienda.

Shomari alizikata kutoka kwenye tangi kuukuu la maji. Tumbo la kila A alilitoboa pembetatu safi, bila mkwaruzo. Akazichomelea juu ya mlango: NGARA.

Wiki ile hakuja mteja. Alikuja mzee na godoro kichwani, akauliza basi la Ngara, kule mbali Kagera, linaondoka saa ngapi. Kesho yake akaja mwingine na kuku wawili.

"Dada, ninyi ndio mnaokata tiketi?"

Tunu alisoma kibao kwa sauti, akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliwaambia ndugu zake kwamba ritifaa haipo, kile kialama cha juu kinachotenga ng'ara na Ngara. Sikudhani alikataa. Alisema kitakaa kama nzi ukutani, na mistari yake haitaki nzi. Tunu alichakura kwenye vyuma chakavu, akaokota pembetatu iliyoanguka kutoka tumboni mwa A, akapanda ngazi na kuishika kati ya G na A. Pembe zilikuwa zilezile za herufi.

Sikudhani alitazama sana. "Shomari, ichomelee."

Jioni ile sufuria zilianza kuletwa.

Ndipo akaja mchapaji wa mabango, Bwana Kitwana. Alitaka wamtengenezee alfabeti nzima aiingize kwenye kompyuta, wachapaji wa kila mji waitumie.

"Lakini herufi huitwa jina moja, kama mtoto," alisema. "Niandike Sikudhani, Shomari au Tunu?"

Sikudhani alisema bila jicho lake pangekuwa na tangi bovu tu. Shomari alisema mchoro wa karatasi hauning'inii mlangoni. Wakamgeukia Redio wao.

Tunu alikuwa na ile pembetatu ya pili, ya A ya mwisho, mkononi, akiigeuzageuza. Alitamani jina lake lisomwe miji yote. Lakini alichoongeza kilikuwa kipande cha kujaa kiganja tu, kimechorwa na dada, kimekatwa na kaka. Na bila kipande hicho, watu wangekuwa bado wanasubiri basi.

Bwana Kitwana ameshika kalamu. Haya, mkia huo, ushikeni: aandike jina la nani?