Shekue, Mlalaji wa Zimwi

Sogeeni, ngano hii naijua mimi tu. Wengine wote waliiiba kwangu.

Zimwi moja tajiri lilichoshwa na ndoto zake. Likamwajiri Shekue, msuka mikeka, aziote yeye kila adhuhuri kwa lulu. Maskini akaota anatafuna watu, na ndoto zake mwenyewe zikamhama.

“Umelalaje?” zimwi likauliza.

“Salama,” akajibu kwa adabu.

“Basi na kesho, lulu mbili.”

Kesho yake, salama tena. Siku ya tatu lulu tatu ziking’aa kiganjani, Shekue akazitazama, akazirudisha.

“Nimelala vibaya.”

“We Shekue, hukufunzwa kuamkiana?”

“Nilifunzwa. Ila nimelala vibaya.”

Zimwi likatafuta la kumjibu mtu asiye salama, likakosa, likayeyuka kama moshi wa ubani. Shekue akajilaza palepale, akaota mbuzi waliovaa kanzu, akacheka usingizini. Nilimsikia mimi, kutoka kijiji cha saba.