Jeraha la Mgongoni

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika zama zilizopita nchi ya Sahlani ilitawaliwa na Sultani Ghadhanfar, mfalme mpiganaji aliyekaa juu ya farasi miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye kiti cha enzi. Sheria yake moja ilitisha kuliko upanga wake: askari anayempa adui mgongo atauawa. Kwa hiyo ilikuwa desturi, kila baada ya vita, tabibu wa majeraha asimame mbele ya jeshi na kushuhudia kila majeruhi ameumia wapi. Jeraha la mbele lilikuwa heshima. La nyuma lilikuwa kifo.

Tabibu huyo alikuwa mjane, Bi Lubaba, mcha Mungu wa maneno machache, ambaye mikono yake ilinuka siki na asali tangu alfajiri hadi magharibi.

Baada ya vita vikali vya bondeni, Bi Lubaba alisimama akashuhudia. Watu kumi na mmoja walikuwa na majeraha ya nyuma. Wa mwisho alikuwa Harithi, mwanawe wa pekee, ambaye mshale ulimwingia nyuma ya bega. Mama aliulizwa, akajibu kama alivyojibu juu ya wengine: "Nyuma." Wote wakafungwa, na hukumu ikawekwa Ijumaa baada ya sala.

Kesho yake asubuhi, siku ya Alhamisi, Bi Lubaba akaitwa kasrini. Sultani alikuwa amelala kifudifudi, mwili unawaka homa. Siku tatu alikuwa ameficha jeraha chini ya deraya, vazi lake la chuma la vitani. Bi Lubaba akaikata kanzu, akauona mshale umevunjikia chini ya bega la kushoto, nyuma.

"Mikono yako mizito, mama," Sultani akasema.

"Ni hii hii iliyowatibu askari wako, Mawlana. Wao hawakulalamika."

Sultani akacheka, akaumia. Kisha akasema, "Basi umeona."

"Nimeona. Jana nilishuhudia kumi na moja kama hili. Moja ni la mwanangu."

Sultani akageuza uso ukutani.

Mlangoni, Waziri Hishamu alikuwa akimngoja. Askari walikuwa wameona damu kwenye joho la mfalme, wakaanza kunong'ona.

"Kesho utaulizwa mbele ya jeshi," Waziri akamwambia. "Sema jeraha liko kifuani. Nani atamvua Sultani nguo? Mwanao utakula naye chakula cha mchana."

"Na wale kumi?"

"Wale wana mama zao."

Bi Lubaba akaenda zake. Siku ile aliwatibu wagonjwa wake wote, akaswali kila sala kwa wakati wake. Hakuwa malaika. Mara mbili, akiwa peke yake, alilitamka lile neno, kifuani, aone lina ladha gani. Kisha akasujudu, akamwomba Mola wake aulinde ulimi wake.

Ijumaa jeshi lilijipanga uwanjani. Wale kumi na mmoja walipigishwa magoti, mikono imefungwa kamba. Harithi alimtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Bi Lubaba," Waziri akauliza kwa sauti, "jeraha la Mawlana liko wapi?"

"Nyuma," akasema. "Chini ya bega la kushoto."

Farasi wakasikika wakitafuna lijamu zao vinywani. Mlinzi mmoja akachomoa upanga.

"Mwanamke huyu amerukwa na akili," akasema Waziri.

"Rudisha upanga," Sultani akamwambia mlinzi. Akashuka farasi wake taratibu, akavua joho, akavua kanzu, akaligeuzia jeshi lake lote mgongo. Watu elfu nne wakakiona kitambaa chenye damu.

"Amesema kweli," akasema. "Niliwaona wapanda farasi wa adui wakija, nikakimbia hatua arubaini. Kisha nikakumbuka kwamba hata huko ninakokimbilia Mungu yuko, nikarudi. Hawa walikimbia hatua ngapi, na nani kati yao alirudi, sikuwauliza."

Akaenda akapiga magoti mwisho wa safu, akawa wa kumi na mbili. "Kadhi, sheria ni ile ile. Anza na mimi."

Kadhi, mzee wa watu, akalia waziwazi. "Mawlana, sheria hiyo uliiweka wewe. Mola wako huipokea toba ya mja wake madhali roho haijafika kooni. Inuka."

Sultani hakuinuka mpaka kamba ya mtu wa kumi na moja ilipofunguliwa.

Alitawala miaka ishirini zaidi. Alipofariki, waliomwosha walihesabu makovu kumi na tisa mbele na moja nyuma.

Ama Bi Lubaba, mchana ule alimketisha mwanawe uani akaanza kumfungua kidonda.

"Mama, kwa nini ulinishuhudia?" Harithi akauliza.

"Kwa sababu niliulizwa. Kaa sawa, kitambaa kimegandana."

Ndugu zangu, kusema kweli juu ya mtoto wa jirani ni kazi nyepesi, tunaifanya kila siku. Bi Lubaba hakumruka wake, ndiyo maana alipofika kwa mfalme ulimi haukumkwama. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za namna hiyo, na watawala wanaoweza kuvua kanzu.