Fumo Ngwali na Visu vya Mawimbi

Enyi wana wa Shakwe, zama za mababu wa mababu zetu, mji huu ukiwa bado kichaka, alizaliwa Fumo Ngwali, mjukuu wa Bibi Shee mfua chuma, simba wa kivukoni, ng'oa-nanga aliyevuta peke yake nanga iliyowashinda mabaharia.

Siku hizo watu wetu walikuwa mawindo. Kila mavuno wavamizi walishuka, wakabeba nafaka na watoto, nasi silaha zetu zilikuwa miti iliyochongwa ncha. Ngwali akapakia pembe za ndovu, akaenda Bara Hindi, akarudi na vitara, panga zilizopinda kama mwezi mchanga. Akavuka tena hadi nchi ya Wamalai, akaleta visu vyenye makali ya mawimbi.

Mhunzi wa kule alimwambia, "Kwetu kisu hiki baba humrithisha mwana. Wewe wavichukua kwa mafungu. Vitashikwa na nani?"

Ngwali alicheka.

Wavamizi waliporudi, aliwakabili kivukoni hata mto ukageuka rangi. Kisha akachora msingi wa mji kwa ncha ya kitara, na watu wakamtawaza.

Lakini kila ukoo ukamjia na pembe kununua silaha, naye hakumrudisha mtu. Watu wa juu ya mto na wa chini, ndugu waliogombea ardhi, aliwauzia wote, akisema, "Chuma hakina kabila."

Walipopigana, Ngwali alifika vita vimekwisha. Alimkuta dada yake, Mwanashali, amempakata mwanawe Vuai, kisu cha mawimbi kimezama ubavuni mwa kijana. Ngwali aliutambua mpini. Aliuchagua mwenyewe ugenini, akiusifia uzuri wake.

"Kaka, usinililie," alisema Mwanashali. "Niambie tu, hiki ulimwuzia nani?"

Ngwali alitafuta moyoni sura ya yule mtu, asiipate. Walikuwa wengi mno.

Tangu hapo hakuketi kitini. Alizunguka koo zote akisihi arudishiwe visu, akitoa pembe maradufu, kila ukoo ukamjibu, "Wenzetu watangulie." Shujaa aliyeshinda jeshi akashindwa na neno hilo. Asubuhi moja aliingia mwituni juu ya mto, mikono mitupu, wala kaburi lake halijulikani.

Ndiyo maana hata leo mhunzi wa Shakwe hauzi panga, liwe la kufyekea tu, mpaka mnunuzi ataje jina lake na la mama yake kwa sauti, soko zima lisikie.