Bi Harusi wa Kamba ya Nguo

Kidole kikijikwaa, mwenye kidole huruka kwa mguu mmoja, hulilaumu jiwe lisilo na masikio, na juma halijaisha ameshasahau alijikwaa wapi. Ulimi ukijikwaa, mambo ni mengine. Mwenye ulimi haumii. Huenda hata akacheka. Anayechechemea ni mwenzake. Ndiyo maana wahenga wakatuusia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kulikuwa na kinyozi aliyeijua methali hii tangu utotoni, ila aliijua kama watu wanavyoijua namba ya zimamoto: ipo, lakini si ya leo. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Hakuna aliyekalia kile kiti chake cha kuzunguka akaondoka bila kutaniwa. Mwenye upara aliulizwa, "Wewe nikunyoe au nikupanguse vumbi?" na mwenye upara mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akarudi mwezi uliofuata kutaniwa tena. Basi kinyozi akaamini kuwa kumtania mtu ndiko kumpenda, na kwamba dunia nzima imekalia kiti chake.

Alimwoa muuguzi mjane mwenye binti wa miaka kumi na minne. Binti alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita "Anko", akamwamkia kwa heshima, akamjibu alipoulizwa, basi. Kinyozi alimtolea utani wote uliokuwa ghalani, naye alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi ya soksi. Kinyozi hakutaka kingine maishani ila mtoto huyu amfungulie moyo wake.

Siku hiyo ikaja bila kutarajiwa. Shule ilitangaza safari ya kwenda kituo cha michezo ya nje, huko vilimani, kuendesha baiskeli za milimani. Kila mwanafunzi aje na mzazi mmoja. Mama alikuwa na zamu kazini, akasema atamwomba shangazi wa binti aende naye.

"Aje Anko," binti alisema, macho yakiwa kwenye sahani.

Kinyozi akainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka, ili wasimwone alivyofurahi.

Kesho yake binti alimfuata kazini, akangoja mpaka mteja wa mwisho atoke. "Anko, mimi sijui kuendesha baiskeli. Darasani wote wanajua. Nifundishe, lakini usimwambie mtu. Hata mama."

"Mwanangu, mimi ni kaburi," kinyozi akajibu.

Akaazima baiskeli ya muuza maziwa. Wakawa wanajifunza asubuhi na mapema kwenye uwanja ulio nyuma ya duka lake la kunyolea, yeye ameshika kiti kwa nyuma, binti akipiga kelele, "Usiniachie, Anko, usiniachie." Siku alipomwachia, binti alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo za jirani, akatokea upande wa pili amejifunika shuka jeupe gubigubi, baiskeli ikiwa bado inakwenda. Wote wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kinyozi kuona meno yake yote. Kufikia siku ya safari, binti aliendesha kama aliyezaliwa juu ya pedali.

Kituo kilikuwa mahali pazuri: miti mirefu, ukuta wa kupanda kwa kamba, na njia nyembamba za baiskeli zikishuka kilima kwa kujipinda kama ushanga uliotupwa. Mwongozaji, dada mkakamavu mwenye filimbi shingoni, aliwavalisha kofia ngumu na kuwaonya: "Kwenye mteremko, msibane breki ya mbele peke yake. Baiskeli itasimama, wewe utaendelea."

Mzunguko wa asubuhi ulikwenda vizuri. Binti alipanda na kushuka bila kutikisika, na mwongozaji akamsifu mbele ya wote. Wakati wa chakula, wazazi na watoto wamekaa kwenye meza ndefu, mzazi mmoja akamwambia kinyozi, "Huyu binti yako ni moto. Ameanza lini?"

Neno "binti yako" lilimlewesha. Angesema "zamani", yakaisha. Lakini meza nzima ilikuwa inamtazama, na kinyozi akitazamwa hajui kunyamaza.

"Huyu?" akaanza. "Huyu juzijuzi tu alikuwa ananililia, 'Usiniachie, Anko, usiniachie.'" Akaigiza sauti. Watu wakacheka. Akasimama, akachukua kitambaa cha meza, akajifunika kichwani, akaonyesha jinsi binti alivyotokea kwenye kamba ya nguo kama bi harusi na shela lake. Meza ikaangua kicheko, mwongozaji naye akafuta machozi.

Kinyozi alipofunua uso alimtafuta binti ili wacheke pamoja. Binti alikuwa anakunja karatasi ya kufutia mikono, anaikunja tena, anaikunja tena.

"Bi harusi, nipitishie maji," kijana mmoja akasema.

"Mwache, shela litamwagikiwa," mwingine akadakia.

Kaburi lilikuwa limefunguka, na aliyemo ndani alikuwa mzima.

Mchana walitakiwa kushuka njia ndefu wawiliwawili, mzazi na mwanawe, mwongozaji akiwatangulia wa kwanza. Kinyozi na binti walikuwa wa mwisho. Binti hakununa wala hakujibu vibaya. Alitangulia tu, akaenda zake. Kinyozi akakanyaga pedali akimfuata, roho juu, maneno ya kuomba radhi yakigombana mdomoni. Kwenye kona kali aliona anakaribia kuparamia mti. Akabana breki ya mbele. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea.

Aliruka usukani, akaangukia kichaka cha miiba, miguu juu kichwa chini, suruali ikapasuka nyuma kutoka mshono hadi mshono. "Mama yangu, nakufa," akalia, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. "Mama, njoo unitoe."

Aliyekuja ni binti. Alisikia, akageuza. Alimchomoa polepole, mwiba kwa mwiba, akamwosha goti lililochubuka kwa maji ya chupa yake, kisha akavua sweta na kumfunga kiunoni lifunike suruali iliyopasuka. Hakucheka.

Chini, darasa zima lilikuwa linangoja. Walipomwona kinyozi anachechemea na sweta la kike kiunoni, macho yakawatoka.

"Imekuwaje?" mwongozaji akauliza.

Kinyozi akainamisha kichwa. Alijua thamani ya kisa kile. Yeye mwenyewe angekiuza mwaka mzima. Binti angesema maneno mawili tu, jina la bi harusi lingesahaulika palepale na jingine lingezaliwa.

"Tairi liliteleza," binti akasema. "Njia ina mchanga." Akaenda kurudisha kofia.

Ndani ya basi walikaa pamoja. Kinyozi alivumilia, akashindwa. "Kwa nini hukuwaambia?"

Binti alifikiri kidogo. "Yaliyotokea kule juu ni yetu wawili." Akageukia dirisha. "Hata ile ya kamba ya nguo ilikuwa yetu wawili."

"Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Anko," akajibu, na alimaanisha.

Goti lilipona upesi. Gaga lilidondoka, ngozi mpya ikaota, hata yeye hakukumbuka tena ni goti lipi. Lakini siku alipopita karibu na shule alisikia kwenye lango, "Bi harusi, tungoje," akaona binti anaongeza mwendo. Nyumbani binti alimwamkia kama kawaida, akampakulia chakula, akacheka utani wake kwa adabu. Jioni moja kinyozi alirudi mapema akamkuta jikoni anamsimulia mama yake jambo kwa sauti ya chini, mikono ikicheza hewani, uso umechangamka. Alipoingia, binti akanyamaza, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Kinyozi naye akasema anakwenda kuoga, akawaachia jiko lao. Kweli waliosema hawakukosea: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.