Bomba la Rugeye

"Mfuata bomba hachagui mlango." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza bomba na mlango vimekutania wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Rugeye, penye mto unaoshuka ziwani, aliishi mjane aitwaye Kokunura, mkulima wa mchicha. Mwaka mmoja mto ulianza kunuka choo. Watu walisingizia mizoga, wakaendelea kuchota. Kisha kipindupindu kikaingia, kikamchukua Adelina, binti wa jirani yake: leo anafua mtoni, kesho anazikwa. Kokunura ndiye aliyemwosha maiti. Tangu hapo akaacha kula mboga zake mwenyewe, alizozimwagilia maji ya mto huo.

Akawakusanya wenzake, wakafuata harufu mpaka wakakuta bomba ukingoni likimwaga majitaka mtoni, wakaishtaki hoteli kubwa ya mlimani. Kaka yake, Mutalemwa, ndiye aliyemtia moyo kuliko wote. Alimpeleka mahakamani kwa gari lake, na jeneza la Adelina alikuwa amelinunua yeye.

Wakili wa hoteli aliapa kwamba hawana bomba mtoni. Hakimu akaamuru lile bomba lililoonekana ukingoni lifukuliwe mpaka lilikotoka, pande zote mbili zikishuhudia.

Mji mzima ukatoka kutazama. Walichimba kupanda mlima, na kwenye ukuta wa hoteli bomba likagawanyika. Tawi moja liliingia hotelini. Vigelegele vikapaa! Tawi la pili likaendelea kupanda kando ya barabara.

"Walalamikaji," afisa wa mahakama akauliza, "mmeridhika, au tuendelee?"

Mutalemwa aliwahi kujibu. "Tumeridhika. Mwizi si huyu tumemkamata?"

Kokunura akamtazama. Kaka mtu alikuwa anatiririkwa na jasho, na jembe hakuwa ameshika.

"Endeleeni," akasema.

Wakachimba. Bomba likapita duka la dawa, likapita kanisa, likakata kona, likazama chini ya geti la buluu la nyumba ya wageni ya Mutalemwa.

Mchimbaji akabaki na sululu hewani. Kokunura alilikodolea macho lile geti kana kwamba ndiyo kwanza analiona, yeye aliyekula Krismasi zote ndani yake.

"Kaka," akasema, "ulijua?"

Mutalemwa akainama, akajifuta tope kwenye viatu.

"Siku ile unanunua jeneza, ulijua?"

"Koku, shimo langu la choo lilikuwa limejaa. Fundi akaniambia hoteli wana bomba, nijiunge tu. Nilidhani mtaishia hotelini."

Mama yake Adelina alikuwa amesimama palepale. Hakulia wala hakutukana. Akakaa kwenye tope.

Mutalemwa akamvuta dada yake pembeni. "Mimi ni damu yako. Tumbo moja limetuzaa. Mwambie afisa aandike hoteli peke yake."

Kokunura akautoa mkono wake, akamgeukia afisa. Alisema kwa sauti, kila mtu akamsikia.

"Andika na hapa. Nilisema nitafuata bomba. Sikusema nitachagua mlango."

Mutalemwa akaunganishwa kwenye kesi. Mahakama ikaamuru matawi yote mawili yazibwe, na kila mmoja achimbe mashimo yake ya majitaka, awalipe waliougua na waliofiwa.

Mto ulisafika taratibu, watoto wakarudi kuoga. Lakini Mutalemwa hakukanyaga tena kwa dada yake. Shangazi yao alipofariki, walikaa msibani kwenye majamvi mbalimbali, wakaondoka bila kupeana mkono. Waliokutana na Kokunura njiani hawakujua wampongeze au wampe pole, hivyo wakawa wanalirudia neno lake, kwa heshima, na kwa woga kidogo.

Ndiyo maana, wanangu, anayeanza kudai haki huulizwa kwanza kama ana moyo wa kufika itakakomfikisha. Mfuata bomba hachagui mlango.