Mnyororo wa Mbaruku

Sogeeni wanangu, ngano ya leo haina kicheko.

Zimwi la ng'ambo lilimfunga Mbaruku miaka kumi na minne bila kumtajia kosa, kisha likamtema mpakani na mnyororo mguuni, mnyororo usiofunguka ila mtu amwambie karibu. Kwao kulishateketea.

Akapiga hodi mji wa kwanza. "Zimwi halifungi mtu bure!" wakamfukuza. Mji wa pili, maneno yale yale. Mji wa tatu akatoka bibi mmoja, Mwanamvua. "Karibu, mwanangu. Chumba kipo."

Mnyororo ukadondoka. Mbaruku akaingia, akalia kwa furaha. Mara akasikia chuma mlangoni: bibi anaufunga mnyororo ule ule kwa nje.

"Ni mpaka tukuzoee tu, mwanangu."

Hadi leo, wanangu, bado wanamzoea.