Mzee Ngiri Aliyeona Dhambi za Wote

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na kanisa lao, Nguchiro hakutulia asubuhi nzima. Tulieni nyinyi basi! Yeye alikuwa na sababu. Aliingia jikoni, akatoka. Akafunua chungu, akakifunika. Akamgusa mwanawe paji la uso, akakuta bado linachemka.

Mtoto wake, Nipael, alikuwa na homa siku ya nne, na hajabatizwa. Ubatizo ulikuwa Jumapili hiyohiyo. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wamemtenga Nguchiro, na mtoto wa aliyetengwa habatizwi mpaka mzazi wake asimame mbele ya wote atubu.

"Nitubu nini mimi?" aliuambia ukuta. "Sikuiba!"

Yote yalianzia sikukuu ya mavuno, wiki moja nyuma. Kila mmoja alipeleka mavuno yake madhabahuni yaombewe, kisha yapigwe mnada. Mama Kanga alipeleka kikapu cha viazi vitamu, mbegu mpya aliyoitoa kwao mbali. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kuvionja.

Mchungaji Kobe akasali. Mnamjua Kobe kwa mwendo, sasa hebu fikirieni sala yake! Aliposema amina, kikapu kilikuwa kitupu.

"Ni Nguchiro!" akanguruma Mzee Ngiri, mzee wa kanisa mwenye meno yaliyojikunja na sauti ya kutikisa madirisha. "Mimi Mungu amenifungua macho. Naona dhambi ya kila mtu humu!"

"Ni yeye huyo," akadakia Mzee Nyati, mzee mwenzake. Nani angewabishia majitu yale mawili?

Basi siku ya ubatizo kengele ikalia, ngo! ngo! ngo! Nguchiro akamfunga Nipael mgongoni, akatimua mbio, chaka chaka chaka. Akaenda moja kwa moja hadi mbele.

"Shikamooni wazee wangu. Nimekuja kutubu."

"Marahaba! Umechelewa," akasema Ngiri.

"Ila nataka kutubu sawasawa, nisimdanganye Mungu. Nisaidieni kukumbuka. Niliiba saa ngapi?"

"Wakati wa sala!" Nyati akaruka. "Wote tumefumba macho, wewe mkono kikapuni! Nilikuona kabisa!"

"Asante, mzee wangu. Kumbe na wewe ulikuwa umefumba?"

Kwi kwi kwi! Kwaya nzima ikaziba midomo. Nyati akaketi puu!

"Unaharibu, Nyati," Ngiri akamkemea. "Mwonaji ni mimi. Niulize mimi!"

Nguchiro akamgeukia Ngiri. Mgongoni mtoto alikuwa amenyamaza, na kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

"Haya, mzee. Vilikuwa viazi vingapi?"

"Kumi na viwili. Vyekundu."

"Vyekundu mpaka ndani?"

"Mpaka ndani wapi! Ndani njano, kama kiini cha yai! Vitamu, wala havina nyuzi! Unajifanya hujui?"

Mama Kanga akasimama, mbawa kiunoni.

"He! Mzee Ngiri! Hata mimi niliyevilima sijakata hata kimoja. Nilisema cha kwanza kiende kwa Mungu. Wewe ndani yake umeonaje?"

"Aa... nilionja tu. Mzee wa kanisa lazima aonje sadaka, isije ikawa mbovu."

"Vyote kumi na viwili?" akauliza Kobe.

"Je, kama kibovu kingekuwa hicho cha mwisho?"

Watu walicheka hadi kuangusha vitabu vya nyimbo. Nguchiro hakucheka. Alikuwa analia.

"Mchungaji, mwanangu anaungua. Mbatize, tafadhali."

Siku hiyo Kobe alikimbia, msibishe. Maji yakamiminwa, chwa! Nipael akashtuka, akapiga ukelele wa kufukuza popo darini. Nguchiro akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. "Yu hai," alisema. "Yu hai, na ni wa Bwana."

Mama Kanga akawapeleka wote wawili kwa mganga wa homa. Kobe akamgeukia Ngiri, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, hii ni nafasi yako ya kutubu. Mwombe Mungu akuonyeshe."

"Nimekusikia, Mchungaji," akasema Ngiri. Akasimama, akanyoosha shingo, akakagua benchi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la nyuma kabisa.

"Lakini mbona mmeanza kutawanyika?" akafoka. "Mwizi bado yumo humu!"

Wanangu, Kristo humfungua macho anayekubali kwamba haoni, na anayejigamba kuwa anaona hubaki na giza lake.